Vifaa vya kusaka hitilafu za mvuke wa petroli kwenye gari: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kama gari lako linawaka vizuri asubuhi, lakini ukishajaza mafuta kituoni linasumbua kuwaka mpaka ukanyage resi, soma hapa kabla hujanunua pampu ya mafuta.

Gari la dada yangu, injini ya lita 1.5 kutoka Japani, lilikuwa na ugonjwa huo huo. Lilibadilishwa plagi, likabadilishwa chujio la hewa, likawekwa pampu ya mafuta, mwisho likawekwa sensa ya oksijeni ya mtumba. Kila mara fundi alichomeka mashine, na kila mara mashine ikajibu kwamba hakuna kosa. Taa ya injini haikuwaka hata siku moja. Kilichokuwa kimeharibika ni vali ndogo inayoenea kiganjani, imekaa karibu na manifoldi ya hewa, yaani bomba linaloigawia injini hewa. Niliichomoa, nikaiunganisha na kipande cha mpira safi, nikapuliza. Hewa ikapita moja kwa moja, na hapo vali haina umeme, ilitakiwa iwe imefunga kabisa. Nilipoigonga kwenye karatasi zikadondoka punje nyeusi za mkaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwashauri ndugu na majirani nini cha kununua, na ushauri wangu haufanani na ule wa video nyingi za mtandaoni. Video hizo hutengenezwa kwa ajili ya magari ya Marekani, na hapo ndipo watu wetu wanapopotea.

Mfumo wenyewe si mgumu. Petroli hutoa mvuke ndani ya tenki. Mvuke huo hauachiwi hewani, unapelekwa kwenye chupa yenye mkaa ambao unaunyonya na kuutunza. Injini ikishapata moto, kompyuta inafungua ile vali ndogo (mafundi wengi huiita VSV, mimi nitaiita vali ya mvuke) na injini inauvuta mvuke na kuuchoma. Upande wa pili wa chupa kuna njia ya kupumulia inayoingiza hewa safi. Kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani njia hiyo ina vali yake, ili kompyuta iweze kuziba mfumo mzima na kupima kama unavuja.

Marekani ililazimisha upimaji huo pamoja na OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza lenyewe, kuanzia magari ya mwaka 1996. Kwanza tundu la milimita 1 lilitakiwa ligundulike, na kuanzia magari ya 2000 wakateremka hadi nusu milimita. Ulaya haikulazimisha kupima uvujaji, na magari mengi ya soko la Japani hayaupimi. Kwa hiyo namba za hitilafu za uvujaji kama P0442, P0455 na P0456, ambazo ndizo hadithi nzima kwenye video za Wamarekani, kwenye gari lako la Kijapani huenda usizione hata mpira wa mvuke ukichomoka wote. Unachoweza kukiona ni P0443, yaani hitilafu ya umeme wa vali ya mvuke. Vali ikikwama wazi wakati koili yake ni nzima, gari linaweza kuteseka mwaka mzima na mashine ikasema liko salama.

Ndiyo maana kwenye orodha hii sijaweka juu kifaa kinachosoma namba tu.

Nafasi ya kwanza: kifaa cha Bluetooth kinachoonyesha takwimu injini ikiwa inanguruma

Hiki kinachomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kuongea na simu yako kupitia programu kama Torque au Car Scanner. Kopi za ELM327, chipu inayosoma kompyuta ya gari, zimejaa madukani, na nyingi hazifiki dola 20. Chipu ya asili ilibuniwa na Elm Electronics ya Kanada, ila karibu kila utakachokikuta kaunta ni kuiga. Baadhi zinafanya kazi vizuri, nyingine zinakata mawasiliano katikati ya kipimo au hazijui itifaki za magari ya zamani. Usinunue bila kujaribu kwenye gari lako hapo hapo nje ya duka. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakataa. Mwenye iPhone aulize kwanza: vile vya Bluetooth ya zamani havitaungana na simu yake, atafute cha Bluetooth LE au cha Wi-Fi. Ukiweza kuongeza pesa, Vgate au OBDLink zinatulia zaidi.

Ukishakipata, usikimbilie ukurasa wa makosa. Fungua takwimu, tafuta STFT na LTFT. Hizo ni asilimia zinazoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani kulinganisha na ilivyopangiwa. Injini nzima ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa resi), imepata moto, hucheza karibu na sifuri, kati ya hasi 10 na chanya 10. Sasa chukua koleo, izungushie kitambaa isikate mpira, bana mpira unaotoka vali ya mvuke kwenda kwenye manifoldi. Kama STFT ilikuwa imeshuka hasi 20 kwa sababu tenki limetoka kujazwa na mvuke ni mwingi, halafu ulipobana ikarudi karibu na sifuri huku sailensi ikitulia, umempata mwizi. Chupa ikiwa tupu mambo hugeuka: vali iliyokwama wazi inaingiza hewa kavu, na asilimia inapanda upande wa chanya. Kwa hiyo angalia badiliko pale unapobana, zaidi ya ile ishara ya hasi au chanya.

Kipimo hiki ni cha dakika tano na hakivunji kitu. Gari la dada yangu lingepimwa hivi siku ya kwanza, ile pampu ya mafuta isingenunuliwa.

Jambo moja la matunzo: pini namba 16 ya soketi ina umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa. Usiache kifaa humo kwa wiki nzima, utakuta betri imelala.

Nafasi ya pili: pampu ya mkono ya kuvuta hewa, pamoja na multimita (kipima umeme)

Nilisita kama hii isingekaa juu. Mtu mwenye gari la zamani ambalo haliongei na simu, kwake hii ndiyo ya kwanza, bila ubishi.

Ni pampu kama bastola, ina geji na mipira ya saizi mbalimbali. Za kawaida ni dola 25 hadi 50. Wengi wanaifahamu kwa jina la Mityvac hata ikiwa ya kampuni nyingine. Unaiunganisha kwenye vali ya mvuke iliyochomolewa umeme, unavuta mpaka sindano ifike takribani inchi 20 za zebaki, unaacha. Sindano ikae pale pale. Ikishuka taratibu, vali inavuja, na uvujaji wa namna hiyo mdomo hauwezi kuuhisi. Halafu ipe vali volti 12 kutoka kwenye betri kwa sekunde moja: usikie mlio mdogo, sindano ianguke ghafla. Ikifunga bila umeme na kufungua ukiipa umeme, vali hiyo ni nzima. Usiibadilishe hata kama namba ya hitilafu imeitaja. Kagua waya na fyuzi.

Multimita ya bei ndogo inatosha hapa. Koili za vali hizi nyingi zinasoma kati ya ohm 20 na 40. Isiposoma kitu kabisa, waya wa ndani umekatika.

Dukani, piga pampu ukiwa umeziba mdomo wake kwa kidole na uhesabu hadi sitini. Ambayo sindano yake inateremka ikiwa mpya, utaishia kulaumu kila vali utakayoipima. Na usiitumie kuvuta tenki zima kwa nguvu hiyo. Tenki na chupa ya mkaa hufanya kazi kwa mgandamizo mdogo mno, utapasua au kukunja kitu.

Ukiwa na pampu mkononi, usisahau njia ya kupumulia. Kwenye barabara za vumbi huziba, na nyigu wanapenda kujenga humo. Si mzaha: mwaka 2011 Mazda iliita magari yapatayo 65,000 ya Mazda6 Amerika Kaskazini yarudi kurekebishwa kwa sababu buibui walikuwa wakisuka utando kwenye njia hiyo, wakivutwa na harufu ya petroli. Njia ikiziba, tenki linavutwa kwa ndani na linaweza kupasuka. Mfuniko wa tenki ukifoka sana unapoufungua, anzia hapo.

Nafasi ya tatu: skana inayoamuru

Hapa tumefika dola mia kadhaa. Launch na Autel zina mashine nyingi za aina hii, na zinatofautiana sana hata ndani ya jina moja. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili tu: inaweza kuiamuru vali ya mvuke ifunguke na kufunga kwenye gari la aina yangu, mwaka wangu? Akijibu kwamba inasoma magari yote, hajakujibu. Mwombe aionyeshe ikifanya. Uliza pia gharama ya kuhuisha programu baada ya mwaka wa kwanza, maana kuna watu walioshtukia bili.

Kwa mwenye gari moja sioni sababu. Kwa fundi anayepokea magari ya Marekani ni lazima, na sababu yake iko kwenye kifaa kinachofuata.

Nafasi ya nne: mashine ya moshi

Hii ndiyo inayovutia macho. Inachemsha mafuta ya madini (hata yale ya kupaka watoto hutumika) na kusukuma moshi mweupe ndani ya mfumo kwa mgandamizo mdogo. Unazunguka na tochi mpaka uone moshi unachungulia: kwenye ufa wa mpira juu ya tenki, kwenye ukingo wa mfuniko, kwenye mshono wa chupa. Kwa tundu la nusu milimita hakuna kifaa kinachoishinda.

Nimeiweka ya nne kwa sababu bila skana inadanganya. Vali ya kupumulia isipoamriwa kufunga, moshi wote unatokea pale, na mtu asiyejua anabadilisha chupa nzima. Kwenye gari la Kijapani lisilo na vali hiyo, ziba mpira wa kupumulia kwa mkono.

Gereji ndogo inaweza kuipandisha hadi nafasi ya pili, maana inasaka pia hewa inayoingia kwenye manifoldi na ufa wa bomba la moshi, kwa hiyo pesa yake inarudi. Nunua yenye geji na kidhibiti cha mgandamizo kinachoshuka chini ya psi 1. Isiyo na geji iache dukani. Fanya kazi nje, injini imepoa, wala pasiwe na sigara wala jiko karibu.

Na nasema hili kwa uzito wote: usipulize mfumo huu kwa kompresa ya matairi. Kompresa ina psi 100 na zaidi, mfumo hautaki hata moja. Nimeona ikifanywa, mpira ukachomoka na petroli ikarukia uso wa kijana aliyekuwa ameinama.

Mfuniko wa tenki

Kwa gari la Marekani lenye P0455 au P0457, kagua raba ya mfuniko kwanza. Ikiwa na ufa au imekauka, nunua mwingine wa asili. Za kuiga mara nyingi hazibani sawasawa. Kwa gari la Kijapani, mfuniko mpya hautaponya sailensi inayotetemeka.

Ukishatengeneza

Kwa magari yanayojipima, kufuta namba si kupona. Kompyuta hungoja gari lilale usiku kucha, tenki liwe kati ya asilimia 15 na 85 hivi, na mengi hukataa kupima joto likizidi takribani nyuzi 35. Kwa Dar ya Februari, maana yake ni kuendesha alfajiri. Ndugu zetu walioko California wajue kwamba kwa magari ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea, kipimo hiki cha mvuke ndicho pekee kinachoruhusiwa kuwa bado hakijakamilika wakati wa ukaguzi wa moshi. Vingine vyote viwe tayari.

Ukiwa kituoni, mwambie muuzaji asiongeze baada ya bomba kujikata lenyewe. Petroli yenyewe, si mvuke wake, ikifika kwenye mkaa, punje zinavunjika na kusafiri hadi kwenye vali. Chupa ya dada yangu tuliipata ya mtumba mtaa wa Gerezani, Dar. Niliitikisa kabla ya kulipa, na mbili za kwanza nilizirudisha kwa sababu zilikuwa zinalia kama kayamba.