Hi-Fi Rush: gemu kali, wenye studio hovyo

Niseme mapema kabisa, hii gemu ni kali na kama una PC ya kawaida au unajuana na mtu mwenye PS5 usiipite. Wengi hapa Chuga (Arusha) hawaijui kwasababu kwenye mabanda ya gemu ni FC, ile gemu ya mpira, asubuhi mpaka usiku, nilimuomba jamaa mmoja mwenye banda Kaloleni aiweke kwenye PS5 yake akaniangalia tu, "Kaka, hiyo nani atacheza? Hapa watu wanalipia mechi." Nikakosa la kujibu, nikaenda kuinunua mwenyewe Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC.

Stori iko hivi. Kuna dogo anaitwa Chai, usicheke, anataka kua staa wa rock, anajitolea kwenye mradi wa kampuni kubwa inaitwa Vandelay wamuwekee mkono wa roboti. Bosi wa kampuni anarusha hovyo kile kifaa cha dogo cha kusikilizia mziki, kinaenda kuganda kifuani kwa Chai, afu kampuni hiyohiyo inamtangaza kua ni bidhaa mbovu inayotakiwa kuondolewa. Kuanzia hapo kazi ni moja, kuwatwanga wakuu wa idara mmoja baada ya mwingine: uzalishaji, utafiti, ulinzi, masoko, fedha, mpaka umfikie bosi mwenyewe. Na njiani unakutana na viroboti vya kazi vimesimama kwenye korido vinalalamika kuhusu mabosi wao, simama uvisikilize, ndo sehemu inayochekesha kuliko zote na mtu akiwahi kuajiriwa popote atajua hao waandishi walikua wanaongelea nini.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye biti. Kila kitu kinadunda, mabomba, taa, miti, hatua zako, kuna paka wa roboti anaitwa 808 anakufuata anapiga biti ili usipotee. Ukibonyeza nje ya mdundo gemu haikugombezi, pigo lenyewe litajipanga litue kwenye biti, ila ukibonyeza sawasawa adui anaumia zaidi na unaanza kujiona kama we ndo unapiga gitaa. Mimi nimekulia kwenye hip hop ya hukuhuku Arusha, rock naisikiaga kwenye muvi tu, lakini pigano la kwanza la adui mkubwa likianza na bendi ya Nine Inch Nails nyuma nilijikuta natingisha kichwa kama mwehu.

Angalizo moja kubwa. Usitumie earphone za bluetooth, sauti inachelewa na kwenye gemu ya mdundo huo uchelewaji unakumaliza. Hata mimi nilipounganisha na TV ya sebuleni kwa HDMI nilikua nakosa kila pigo mpaka nikaingia setingi kurekebisha sauti na picha zikae pamoja. Fanya hivyo kabla hujaanza kumtukana aliyeitengeneza.

Na aliyeitengeneza ndo kilichonifanya niandike yote haya. Studio ni Tango Gameworks ya Tokyo, ilianzishwa 2010 na Shinji Mikami, yule mzee wa gemu za Resident Evil, na mwaka huohuo ikanunuliwa na ZeniMax ambao ndo wenye Bethesda, kampuni kubwa ya gemu. 2020 Microsoft wakatangaza wanainunua ZeniMax yote kwa dola bilioni 7.5, dili likaisha Machi 2021. Yaani Tango hata hawakununuliwa kwasababu yao, Microsoft walikua wanazitaka gemu za Fallout na Doom na Elder Scrolls, hawa wakaja ndani ya furushi.

Januari 2023 gemu ikatoka ghafla tu, wakaitangaza na kuitoa siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo ikawa Game Pass, ile huduma ya Microsoft unayolipia kwa mwezi unacheza gemu kibao bila kuzinunua. Watu wakaipenda sana. Aprili mtu wa masoko wa Xbox, upande wa gemu wa Microsoft, Aaron Greenberg, akaandika mwenyewe kwamba imefanikiwa kwa vipimo vyote muhimu. Wachezaji wakafika milioni 3, mwisho wa mwaka ikachukua tuzo ya sauti kwenye The Game Awards. Machi 2024 ikatolewa PS5. Mei 2024, miezi miwili tu baadae, Microsoft wakatangaza wanaifunga studio! Siku moja na Arkane Austin, studio nyingine yao, waliotoa gemu ya Redfall ambayo kweli ilianguka vibaya. Aliyefeli na aliyefaulu wakapewa barua moja. Na kesho yake ikaripotiwa Matt Booty, mkuu wa studio za Xbox, anawaambia wafanyakazi kwamba wanahitaji gemu ndogo zinazoleta heshima na tuzo. Sasa bana, si ndo hiyo mliyoifunga jana?

Mi naona shida iko hapa: hao milioni 3 ni waliocheza, sio walionunua. Ukishaweka gemu kwenye Game Pass siku ya kwanza, mauzo yake hayawezi kuisemea studio, inabaki mwenye mali aamue mwenyewe imelipa au haijalipa, na huyo mwenye mali, yaani Microsoft, Oktoba 2023 alikua katoka kumalizia kulipa dola bilioni 68.7 kuinunua Activision Blizzard, kampuni nyingine kubwa ya gemu. Studio ndogo ya Tokyo kwenye hesabu hizo ni kitu gani? Huyo mkuu wa fedha wa Vandelay unayepigana naye kwenye gemu ni kama walimchora wakiwa wanamuona dirishani.

Agosti 2024 Krafton wa Korea Kusini, wenye gemu ya PUBG, wakaichukua Tango pamoja na haki za Hi-Fi Rush. Afadhali, ila msishangilie sana, Krafton haohao Julai 2025 waliwatimua viongozi watatu wa Unknown Worlds, studio ya gemu ya Subnautica, mambo yakaenda mahakamani kwasababu ya bonasi ya mpaka dola milioni 250.

Turudi kwenye gemu, haijakamilika kila kona. Sehemu za kurukaruka majukwaani zinaboa, Chai akiruka anakua mzito na utaanguka kizembe mara nyingi, na katikati kuna korido ndefu tupu ambazo unatembea tu unasubiri ngumi zirudi. Utani mwingine ni wa kitoto.

Bei kamili ni dola 29.99, kwa hela yetu ni elfu sabini na kitu, subirini sale kama mimi. Inataka GB 20, tafuta bando la usiku. Ukimaliza stori usiifute, kuna milango inayofunguka baada ya hapo, na zile mode mbili za Arcade Challenge walizoongeza bure Julai 2023 zinanikesha mpaka leo. 9 kwa 10, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya kuruka.