Miezi kumi na goti la chuma

Watu wakiniona napanda daladala bila kuvutwa mkono wananiuliza nilikunywa dawa gani. Dawa nilizimaliza zote kabla: diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuwaka, mafuta ya kuchua ya kila rangi, sindano ya ndani ya goti iliyonipa nafuu miezi mitatu na ya pili ambayo haikufikisha hata wiki. Eksirei ikaonyesha gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Nina miaka 67. Nikakubali kubadilishwa goti.

Goti halikatwi likatupwa, kama alivyodhani jirani yangu aliyekuja kuniaga huku analia. Wanachonga ncha za mifupa, wa paja na wa muundi, wanazivika chuma, katikati wanaweka plastiki ngumu ishike nafasi ya gegedu. Nilichomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo maumivu sikuyasikia, ila nyundo niliisikia. Ko, ko, ko, kama fundi anapachika mlango. Ukiwa mwoga omba wakuongezee dawa ya usingizi.

Kesho yake asubuhi nikasimamishwa kwa woka, ile fremu ya kushikilia unapotembea, na siku ya nne nikaruhusiwa. Lawama yangu kwa hospitali iko hapa: nilipewa karatasi ya Kiingereza yenye mistari miwili ya mazoezi, basi. Mimi nikafanya lile la kizazi chetu, mgonjwa apumzike. Nikaweka mto chini ya goti, raha mustarehe. Siku ya kutoa nyuzi, goti halinyooki, halikunjiki. Mfiziotherapia wa pale, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliposikia habari za ule mto alishika kichwa: goti jipya likizoea kulala limepinda, kulinyoosha ni vita.

Vita nikapigana. Meza dawa ya maumivu, subiri nusu saa, kaa kwenye kiti, nyayo juu ya kipande cha kanga kwenye vigae, vuta mguu nyuma mpaka goti liseme basi, hesabu kumi, vuta tena kidogo. Mara tatu kwa siku. Mjukuu ndiye aliyekuwa akihesabu, na ananiibia, kutoka sita anarukia nane. Nililia kuliko nilivyolia hospitali. Wiki ya tatu goti lilikunjika digrii 65, wiki ya kumi 110. Bima ililipa upasuaji, mazoezi mengi nikalipa mwenyewe. Ulizeni hilo mapema.

Leo yale maumivu ya usiku hayapo, na sokoni naenda na kurudi kwa miguu. Goti linalia tik nikishuka ngazi, na ngozi pembeni ya kovu imekufa ganzi. Nimeambiwa ni kawaida. Kupiga magoti bado sipendi, naswali kwenye kiti. Choo cha kuchuchumaa ndiyo kwaheri, ikabidi tuweke cha kukaa.

La kushoto nalo limeanza. Woka nimemwazima shoga yangu, nimemwambia asikae nayo sana.