Sanduku la kufuli tatu na vitabu vya mihuri: maoni ya mweka hazina

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha hisa huku Mbagala, akina mama 20: tunaweka akiba kwa kununua hisa, tunakopeshana, na mwishoni tunagawana. Vifaa vyetu ni sanduku la chuma tulilochomelesha Gerezani kwa shilingi 85,000, vitabu vya wanachama, mhuri na pedi yake, mabakuli mawili ya kuhesabia na kalkuleta. Mtindo huu shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, na umefika mpaka uswahilini kwetu.

Vilivyonikosha ni vitabu. Kila mstari ni mkutano mmoja, una vyumba vitano. Hisa yetu ni 2,000. Mama akileta 6,000 anagongewa mihuri mitatu, na vyumba viwili vilivyobaki vinapigwa kalamu palepale akiona, asije mtu akaongeza kesho. Tuna bibi mmoja hajui kusoma. Enzi za daftari kubwa alikuwa anaitikia tu kila anachosomewa. Siku hizi anapitisha kidole mhuri kwa mhuri, na wino usiposhika vizuri anakurudishia kitabu: “Mwanangu, samaki wangu huyu hana mkia.” Mhuri wetu ni samaki. Msichukue nyota, kila mchonga mihuri anayo tayari.

Siku ya kuvunja sanduku, yaani ya kugawana, hesabu inakuwa nyepesi. Tuseme fedha zote ni 7,200,000 na mihuri yote ni 3,000: kila mhuri ni 2,400. Mwenye mihuri 150 anaondoka na 360,000, na anaweza kuipiga mwenyewe kwenye simu yake kabla sijamtajia. Maneno ya “mbona fulani kapata zaidi” yameisha.

Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo. Vitabu navyo vinafungiwa humo humo, hakuna kwenda navyo nyumbani. Kabla ya kufunga tunatangaza salio la mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, na kila mtu analibeba kichwani. Mkutano unaofuata mwenyekiti anauliza, wanajibu kwa pamoja, ndipo fedha zinahesabiwa. Mgeni akituona anadhani tunaimba.

Sasa kasoro. Ukurasa wa mikopo hauna mihuri, ni tarakimu tupu, kwa hiyo bibi yetu anarudi kutegemea macho ya mwenzake. Hapo aliyebuni angefikiria zaidi. Pedi ya wino inakauka upesi kwa joto letu. Nunueni na chupa ya wino wa akiba. Kubwa kuliko yote: sanduku linajua kutunza hesabu, halijui kulinda milioni. Katikati ya mwaka fedha ziko mikononi mwa wakopaji, ndani mnabaki vijisenti. Marejesho ya mwisho yakianza kuingia, chuma kinakuwa kizito na mtaa mzima unajua. Wiki hizo za mwisho sisi tunapeleka fedha kwenye akaunti ya kikundi, watia saini watatu, sanduku linabaki na vitabu.

Kikundi cha jirani wamehamia kwenye simu moja kwa moja. Hawabebi chuma, na kutoa fedha lazima viongozi wathibitishe. Lakini wenye simu za kuazima wanasimuliwa salio lao na watoto. Kwa kikundi cha vijana ningesema nendeni. Kwa kikundi chetu, hapana.

Mkiagiza sanduku, mwambieni fundi atumie bati la geji 16, siyo 20 ambalo ni jembamba zaidi, na bawaba azichomelee kwa ndani. Bawaba zikiwa nje, mwizi anazikata kwa msumeno na kufuli zenu tatu zinabaki zimefungwa vilevile.