TAHADHARI: "Feloshipu ya picha za moyo Marekani" ya wiki 8 ni utapeli, wamekula dola zangu 3,680

Nimeingizwa mjini. Ningeandika wiki mbili zilizopita, aibu ndiyo iliyonichelewesha.  

Tangazo ni lilelile lililozunguka kwenye makundi yetu: feloshipu, yaani mafunzo ya ubingwa, ya wiki 8 kwa madaktari wageni, kusoma picha za moyo za MRI (mashine ya sumaku) na CT (mashine ya eksirei), hospitali kubwa ya chuo kikuu huko Marekani. Hospitali yenyewe siitaji, kwa sababu jina lake limeibwa kama hela yangu ilivyoibwa. Unatuma wasifu, cheti cha digrii, leseni, nakala ya pasi na dola 150 za "kupitia faili". Baada ya hapo unaitwa kwenye usaili.

Huo usaili naueleza wote, maana ndipo nilipokwisha.

Jumatano, saa 3 usiku kwetu, yaani saa 8 mchana pwani ya mashariki ya Marekani. Hata saa waliipatia. Profesa akaonekana kwenye Zoom kama dakika mbili, koti jeupe, kabati la vitabu nyuma yake, halafu akasema mtandao unamsumbua, akazima kamera. Akaweka picha kwenye skrini. Ya kwanza ilikuwa ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) iliyokatwa kwa kukingama, imepigwa baada ya gadolini (dawa ya kontrasti inayofanya kovu lionekane jeupe), na weupe umekaa katikati ya septamu, ule ukuta unaogawa moyo. Akauliza: mshipa gani umeziba? Swali la mtego hilo. Kovu la kuziba kwa mshipa wa koroni (unaolisha msuli wa moyo) huanzia upande wa ndani wa ukuta na kutambaa kuelekea nje. Likikaa katikati peke yake, mshipa unauacha, unafikiria moyo uliotanuka, mayokaditisi (uvimbe wa msuli wa moyo), sakoidosisi (ugonjwa wa vinundu vya uvimbe mwilini). Nikajibu hivyo. Akasema "vizuri sana, daktari", nami nikachekelea kama mtoto aliyepewa pipi.

Ya pili ndiyo iliyonimaliza. Msuli wote wa moyo ulikuwa wa kijivu, huoni kovu liko wapi wala msuli wenye afya uko wapi. Kosa la nani, mgonjwa au fundi? Nikasema la fundi: muda wa inveshoni (namba anayoiweka fundi, mashine isubiri kiasi gani kabla ya kupiga) umechaguliwa vibaya, ndiyo maana msuli wenye afya haukuzimika ukawa mweusi. Akanibana papo hapo. Je, kama muda ulikuwa sahihi dakika ya 10, na picha hii imepigwa dakika ya 20 kwa namba ileile? Nikanyamaza. Akanieleza taratibu kwamba gadolini inavyozidi kutoka, muda huo unarefuka, kwa hiyo fundi anayeng'ang'ania namba ya mwanzo hupata kijivu. Akaongeza kwamba msuli ukikataa kuzimika hata ukibadilisha namba mara nne, ufikirie amiloidosisi (protini mbovu iliyojikusanya kwenye msuli) kabla ya kumgombeza fundi. Kila neno ni kweli. Sasa niambieni, mtu anayekusahihisha kwenye jambo ulilolikosea, tena kwa upole, utaanzaje kumshuku?

Picha zote mbili nimezikuta juzi kwenye mafunzo ya bure mtandaoni. Nilitafuta kwa picha badala ya maneno, zikaja kwa sekunde chache: mgonjwa yuleyule, mkato uleule, na yale maelezo ya gadolini yapo chini yake karibu neno kwa neno. Alikuwa anasoma! Alizima kamera asionekane macho yanavyokwenda kushoto na kulia.

Siku tatu baadaye ikaja barua ya kukubaliwa, kurasa nne, na mtaala ambao kusema kweli hata sasa siwezi kuukosoa. Adenosini mikrogramu 140 kwa kilo kwa dakika kwa kipimo cha moyo ulioamshwa kwa dawa. T2* (kipimo cha MRI) chini ya milisekunde 20 kwa chuma kilichojikusanya moyoni, chini ya 10 ni hali mbaya. Kwa upande wa CT, mapigo yashushwe hadi karibu 60 kwa metoprololi, nitrati chini ya ulimi, kanula (sindano ya mshipani) ya geji 18, dawa ya kontrasti mililita 5 kwa sekunde. Mtu wa fani akisoma anasema hawa wanaijua kazi. Na mwisho wa barua: "Utahitimu ukiwa na Kiwango cha 3, kesi 300."

Hapo ndipo ningesimama. Viwango vya SCMR, chama cha kimataifa cha wataalamu wa MRI ya moyo, kila anayetaka kusomea MRI ya moyo anavijua: Kiwango cha 1 ni mwezi mmoja na kesi 50, cha 2 ni miezi 3 na kesi 150, cha 3 ni miezi 12 na kesi 300. Wiki 8 hazikufikishi hata cha 2. Nilijua. Nikajitetea mwenyewe moyoni kwamba kesi nyingine nitazisoma mtandaoni, maana barua ilisema hivyo, na ni kweli sehemu ya kesi huruhusiwa kutoka maktaba ya picha. Lakini miezi haisomwi mtandaoni. Daktari mzima, sikufanya hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Kisha ikaja DS-2019, ile hati ya viza ya J-1 (viza ya Marekani ya wageni wa mabadilishano), kwa PDF. Msije mkasema "PDF tu ingekushtua". Siku hizi vyuo vya kweli navyo huituma kwa barua pepe ikiwa na saini ya kidijitali. Namba ilianza na N ikifuatiwa na tarakimu 10 kama inavyotakiwa. Kundi la viza liliandikwa mtafiti. Na barua yao ilisema nitashika proubu ya eko (kifaa cha ultrasaundi ya moyo) na kusimamia adenosini mwenyewe! Haya mawili hayakai chungu kimoja. J-1 ya utafiti si ya kutibu wagonjwa. Ya daktari anayegusa wagonjwa kimafunzo hudhaminiwa na ECFMG peke yake, taasisi ya Marekani inayothibitisha madaktari waliosomea nje, na huko unatakiwa kwanza uwe na cheti chao, yaani umefaulu mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari Marekani. Aliyekuja kutazama tu haguswi na mambo hayo yote. Karatasi zao zilibeba ahadi ya mmoja na hati ya mwingine, nami nilizisoma mara tano nikiangalia tahajia ya jina langu.

Malipo yalikuja kwa zamu, kila moja na sababu yake. Dola 350 za SEVIS (ada ya mfumo wa serikali ya Marekani wa kuandikisha wanafunzi na wageni wa mabadilishano) "pamoja na huduma". Dola 780 za bima ya afya. Kwenye bima hiyo walinipiga kwa ustadi, kwa sababu niliikagua kwa kanuni: J-1 inadai angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kukusafirisha ukiwa mahututi, 25,000 za kurudisha maiti nyumbani, na makato ya mgonjwa (anachojilipia kwanza kabla bima haijalipa) yasiyozidi 500. Zote nne zilikuwepo. Nikajiona mjanja kwa kukagua. Kumbe nilikagua kile walichokuwa wamenakili, nikaacha kumkagua anayeuza.

Ya mwisho, dola 2,400, ilikuwa amana ya mafunzo pamoja na bima ya makosa ya kitabibu. Hii nililipa kwa mkono wangu kaunta, ijumaa, benki imejaa. Dada wa kaunta akasoma fomu, akanyanyua macho: "Daktari, mbona mpokeaji ni kampuni ya biashara ya jumla, na nchi si Marekani?" Watu watatu nyuma yangu wamesikia. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua mambo: "Ni wakala wao wa fedha, dada, vyuo vikubwa ndivyo vinavyofanya." Jibu hilo sikulitunga mimi, lilikuwa kwenye barua pepe yao, wameliandaa kabisa kwa ajili ya swali hilo. Akauliza tena, "Una uhakika?" Nikasema nina uhakika. Akapiga muhuri. Yule dada siku hizi nikimwona nahama foleni.

Na kwa nini niliamini hata kabla ya usaili? Kwa sababu nafasi za kweli hupatikana hivihivi. Feloshipu za picha za moyo haziko kwenye orodha ya zile zenye ithibati ya ACGME (chombo cha Marekani kinachoidhinisha mafunzo ya ubingwa) kama ilivyo kadiolojia yenyewe, yaani ubingwa wa moyo, kwa hiyo kila hospitali inatangaza kivyake, mara nyingi kwa ukurasa mmoja na barua pepe ya katibu. Wenzetu wamekwenda kwa kumwandikia profesa moja kwa moja na kujibiwa. Na zipo hospitali zinazomtoza mgeni ada halali. Matapeli wamejificha palepale penye giza la kweli.

Nilipotaka kujaza fomu ya viza nikaiandikia ofisi ya wageni ya chuo, kwa anwani niliyoichukua kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Jibu lilikuja kesho yake, mistari miwili: namba hiyo ya DS-2019 si yetu, na huyo aliyesaini hatumjui. Simu ya "profesa" ikazimwa jioni ileile.

Sasa, hawa watu! Hawa si wa kuombewa. Wamewapiga watu wenye mishahara tunayoijua, wanaokopa ili warudi kusoma picha za wagonjwa wa hapa ambako waliosomea MRI ya moyo ni wachache. Wafungwe, tena wafungwe pamoja na mwenye ile akaunti. Na yule aliyeleta tangazo kwenye kundi, ambaye amekiri kwa sauti, na rekodi ninayo, kwamba aliahidiwa dola 100 kwa kila atakayelipa, anajijua. Kama ana leseni, Baraza la Madaktari limfute, asishike hata stethoskopu ya mtoto ya kuchezea. Alituita "ndugu" kwenye ujumbe ule. Ndugu! Polisi kitengo cha makosa ya mtandao nimeshafika, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, namba za simu za matapeli za hapa nchini nimezituma 15040, ile ya TCRA ya kuripoti utapeli. Msikae kimya mliolipa, najua si mimi peke yangu, wawili wameshaniandikia inboksi na mmoja ni mkubwa wangu kazini.

Dalili, kwa haraka, maana wengi mtauliza. Anwani ya barua pepe: baada ya @ kulikuwa na jina la hospitali, kistari, na neno la ziada, chuo cha kweli hakihitaji neno la ziada. SEVIS ya J-1 kwa kawaida ni dola 220, unailipa mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, haipiti kwa mtu. Bima ya J-1 unainunua mwenyewe au kupitia chuo, si kwa kampuni ya jumla. Bima ya makosa ya kitabibu kwa mtu asiyeruhusiwa kutibu wagonjwa, ya nini? Orodha ya wadhamini wa J-1 ipo wazi kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. DS-2019 ikija, iulizie kwa afisa mhusika wa chuo, kwa namba uliyoitafuta wewe, usipige iliyo kwenye barua. Kiwango chochote cha SCMR kina daftari la kesi linalosainiwa na msimamizi. Ukiahidiwa cheti kabla hata hujaambiwa msimamizi wako ni nani na anasoma MRI ngapi kwa wiki, ondoka. Waulize hilo la mwisho. Mimi sikuuliza, nilikuwa nashukuru.

Na waliotuma nyaraka bila kulipa, nanyi hamjapona. Wana pasi zenu, digrii na leseni. Andikieni Baraza kwamba nakala zimeibwa, na muombe cheti cha hadhi njema chochote kitumwe moja kwa moja kwa baraza la nchi husika, kisipite kwenye mikono ya mtu.

Risiti za benki, barua zote na rekodi ya usaili ninazo, anayezihitaji kwa ajili ya polisi aseme.

Nyongeza, asubuhi hii: imeingia barua pepe ya "kitengo cha marejesho". Wanasema wamegundua nililaghaiwa, wanasikitika sana, na wapo tayari kunirudishia dola zote 3,680 nikishalipa 200 za uchakataji. Akaunti ni ileile ya kampuni ya jumla.