Wakala wa Wafanyakazi wa Nyumbani: Huduma Nzuri kwa Anayelipa

Wakala tuliyemtumia jijini Dar es Salaam kumpata dada wa kazi ni makini kuliko wengi. Binti alikuwa amepimwa afya, barua yake ya serikali ya mtaa na wadhamini wake wawili vilikuwa vimehakikiwa, na mkataba ulikuwa tayari mezani. Bei si ndogo, lakini kwa wazazi wenye mtoto mchanga na ajira za kutwa, usumbufu unaookolewa ni mkubwa.

Hata hivyo, dhamana zote za huduma hii zinamlinda mtu mmoja tu. Nisiporidhika naye ndani ya miezi mitatu, naletewa mwingine bila malipo. Yeye asiporidhika na nyumba yangu, mkataba hausemi chochote. Mimi nilipewa majibu ya vipimo vyake na namba za ndugu zake, ilhali yeye aliambiwa jina langu na mtaa ninaokaa. Usaili ndio ulioonyesha hali hii waziwazi zaidi: alipoulizwa kama ana swali, alijibu kwa sauti ya chini kwamba hana, na ofisa akaandika kwenye fomu kuwa ni mnyenyekevu. Binti ambaye nauli yake kutoka Singida imelipwa na wakala kama deni angeuliza nini mbele ya watu wawili, mmoja akiwa anamdai na mwingine akiwa ameshikilia ajira yake?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mkataba niliopewa unasema atafanya kazi "kulingana na mahitaji ya familia". Mwajiri mwenye nia njema anaweza kuupitia mstari huo bila kushtuka, kwa kuwa si yeye atakayeamshwa usiku. Ofisa alinieleza kwamba wanapenda mabinti waishi kama watoto wa nyumbani. Lakini mtoto wa nyumbani anaweza kukataa kuosha vyombo na bado akalala kwao.

Wakala pia hukata sehemu ya mshahara wa kwanza wa binti na kukaa na kitambulisho chake halisi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 189 wa mwaka 2011 unataka ada za wakala zisikatwe kwenye ujira wa mfanyakazi wa nyumbani, na unampa haki ya kukaa na vitambulisho vyake mwenyewe.

Ninaipendekeza huduma hii kwa masharti: lipa ada yote wewe, saa za kazi na siku ya mapumziko ziandikwe, na binti apewe nakala ya mkataba pamoja na mawasiliano ya CHODAWU, chama kinachowatetea wafanyakazi wa majumbani. Nilipoyadai hayo, wakala alikubali siku hiyohiyo na kukirudisha kitambulisho. Baadaye dada aliniambia kwamba alikuwa amekwisha kukiomba mwenyewe, kwa adabu zote, akaambiwa asubiri. Fomu ya mkataba wanayopewa waajiri wengine haijabadilishwa.