Uzoefu wangu: kelele ya giaboksi kwenye Land Cruiser HZJ75, na elfu 60 niliyolipa ili isikilizwe tu

Gari ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, pikapu, injini ya dizeli 1HZ, giaboksi ya H55F yenye gia tano. Si ya kubebea watalii. Hii inabeba vitunguu kutoka Mang'ola kupanda Karatu, na anayeijua barabara ile hahitaji maelezo. Magunia ni lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, najua sheria inakataza, tuyaache hayo. Kilomita zake sizitaji kwa kuwa dashibodi ilikufa kabla sijainunua.

Kelele ilianza kama mvumo wa nyuki walio mbali. Mwanzoni niliusikia nikiwa na mzigo tu, baadaye hata gari likiwa tupu. Mke wangu ndiye aliyesema kwanza kwamba gari "linaimba". Nilimwambia ni matairi. Wiki tatu baadaye, nikipanda ukuta wa bonde la ufa kutoka Mto wa Mbu, mvumo ukawa kilio, na nilipofika juu nikazima redio nisikilize vizuri. Matairi hayalii hivyo.

Fundi wangu wa kila siku aliendesha kama mita mia mbili, akarudi na jibu: "Gia namba tatu hiyo, mzee. Meno yameisha." Akanipa njia mbili: kushusha giaboksi na kuifungua, shilingi 1,600,000 kabla ya spea, au kutafuta ya mtumba Arusha na kuifunga nzima. Na kama sina hela, tuweke oili namba 140 itulize mambo. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka. Oili nzito inanyamazisha, haitibu. Wenye kuuza magari mabovu wanaijua mbinu hiyo tangu zamani, na sote tumesikia za kutia maganda ya ndizi kwenye difu, lile kasha la gia kati ya matairi ya nyuma, ili isilie. Sikuwa nauza gari.

Rafiki yangu anayeendesha watalii ndiye aliyenielekeza gereji moja ya uchochoroni Arusha inayoshika Land Cruiser peke yake. Wana utaratibu ambao sikuuzoea: ukaguzi unalipiwa, elfu 60, gari lifunguliwe au lisifunguliwe. Nilibishana kwenye simu. Nimlipe mtu kwa kusikiliza? Mwishowe niliondoka Karatu alfajiri, nikitembea hamsini hamsini mpaka Arusha.

Fundi aliyenipokea ni kijana, umri wa mwanangu wa pili. Hakugusa spana. Alikaa kiti cha abiria akasema, "Endesha wewe mzee, mimi nisikilize." Kisha maswali: inalia ukikanyaga mafuta au ukiachia? Inalia ikiwa baridi? Gia namba nne inafanyaje? La mwisho sikuwa na jibu. Nimeendesha gari hilo miaka sita na sikuwahi kujua namba nne inafanyaje.

Tukajaribu. Namba tatu: kilio. Namba tano: kilio, ingawa chembamba zaidi. Namba nne: kimya, au karibu na kimya. Akatabasamu. Alinieleza kuwa kwenye giaboksi hii namba nne inapeleka nguvu moja kwa moja, shafti ya mbele inashikana na ya nyuma, zinazunguka sawa kwa sawa. Shafti ya chini, ile wanayoiita kauntashafti, inazunguka lakini haibebi kitu. Gia nyingine zote lazima nguvu ishuke kwake kwanza ndipo ipande tena. Kwa hiyo kelele inayotoweka kwenye namba nne ina uwezekano mkubwa kuwa iko kwenye shafti hiyo au beringi zake. Ingekuwa gia namba tatu peke yake, namba tano ingelia kwa nini? Ingekuwa difu au beringi ya gurudumu, gia isingebadilisha kitu, maana hizo zinafuata mwendo wa gari tu.

Swali hilo moja lilitosha kurudisha nusu ya elfu 60 yangu.

Uani aliweka mawe mbele na nyuma ya matairi, akaiweka transfa, lile kasha la gia nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, kwenye N, yaani isishike gia yoyote. Mawe si mapambo: transfa ikiwa N, hata ukiacha gari kwenye gia halishiki chochote, litajiondokea. Injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa mafuta na giaboksi iko frii, haijaingizwa gia, kulikuwa na mkwaruzo mdogo. Akakanyaga klachi, mkwaruzo ukafa. Akaachia, ukarudi. Kwa wasiojua: kelele inayozaliwa ukikanyaga klachi huwa ni ile beringi ya klachi yenyewe, inayokufa ukikanyaga iko ndani ya giaboksi, kwa sababu ndipo shafti zinaposimama. Baada ya hapo akaingiza gia moja baada ya nyingine gari likiwa limesimama, mwenzake akiwa chini na kifaa cha kusikilizia, kama cha daktari ila kina mkono mrefu wa chuma. Fundi wa zamani angeweka bisibisi ndefu sikioni, kazi ni ileile. Nilipewa nami nisikilize. Ubavu wa giaboksi upande wa mbele ulikuwa unasaga kama kinu, transfa ilivuma tu. Transfa za gari hizi lazima zivume, alisema, nguvu inapita kwenye meno ya gia hata ukiendesha kwa matairi mawili ya nyuma tu.

Halafu ndipo ikaja sehemu iliyonifanya niandike haya yote.

Akachukua spana ya 24 akafungua nati ya kujazia oili ya giaboksi. Ya kujazia kwanza, akasisitiza. Ukimwaga oili halafu ugundue ya kujazia imeganda, gari limelala hapo. Akaingiza kidole. Oili inatakiwa iwe kwenye mdomo wa tundu. Kidole kilitoka kikavu. Akahamia nati ya transfa, hakuwahi hata kuitoa yote: oili ikaruka ikamwagikia mkononi, ikaendelea kutiririka kwenye beseni.

Giaboksi inameza karibu lita 5, transfa lita 2 na kidogo. Yangu ilikuwa na upungufu wa kama lita moja na nusu kwenye giaboksi, na ziada kama hiyohiyo kwenye transfa. Kati ya giaboksi na transfa kuna sili, mpira wa kuzuia oili isipite, na ikichoka, oili inahama kimyakimya kutoka chumba cha kwanza kwenda cha pili. Chini hakuna tone. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa Land Cruiser hizi za zamani, kijana alisema, na mimi nilikuwa nimeuona bila kuuelewa: sili ya nyuma ya transfa ilikuwa inavuja mwaka mzima, nikaibadilisha mara mbili. Haikuwa mbovu. Transfa ilikuwa imeshiba inatapika. Na kilio cha pale Mto wa Mbu nacho kikapata maana, kwa sababu ukipanda, oili kidogo iliyobaki inakimbilia nyuma na beringi za mbele zinabaki zinajilamba.

Alimwaga oili yote na kupitisha sumaku. Ilitoka na uji wa kijivu, laini. Huo ni wa kawaida kwa umri wake. Vipande, hakuna. Chenga za rangi ya shaba zilikuwepo chache, za koni za kubadilishia gia, sumaku haizikamati, unaziona kwa kuinamisha beseni juani. Uamuzi wake: beringi zimeanza kuchoka lakini hazijafa, tubadilishe sili, tuweke oili sahihi, 75W-90, umalize msimu ndipo tuifungue. Transfa ilivuliwa, giaboksi ikabaki mahali pake. Sili, gasketi, oili na ufundi: 260,000.

Sasa yasiyonipendeza. Waliniambia nusu siku, nimelala Arusha usiku mmoja kwa gharama yangu. Hakuna maandishi ya ukaguzi, kila kitu ni mdomo, na kwa elfu 60 ningetarajia angalau karatasi niweze kumwonyesha fundi mwingine. Halafu kuna kitu walikikosa. Baada ya matengenezo kilio kilipungua sana, lakini nikifika mwendo wa themanini kulibaki mtetemo chini ya kiti. Nilipiga simu nikaambiwa ni transfa, ndivyo ilivyo. Nilirudi Karatu nao. Siku ya kupaka grisi nilishika propela ya nyuma nikaitikisa: krosi, kiungo cha kupindia propela, ya upande wa difu ilikuwa inacheza, kavu kama mfupa. Fundi aliyesikia beringi iliyofichwa ndani ya chuma alipita juu ya krosi inayoonekana kwa macho. Nilibadilisha mwenyewe chini ya mwembe.

Je, ningerudi? Ndiyo, na nimeshapanga kurudi vitunguu vikiisha. Kama una HZJ75, au hata zile Land Cruiser za toleo la 60 zenye transfa ya namna hii, na inalia, usikubali ishushwe giaboksi kabla nati mbili hazijafunguliwa. Kazi hiyo ni ya dakika kumi na haihitaji Arusha.

Fundi wangu wa Karatu nilimweleza. Alinyamaza kidogo, akauliza gereji iko mtaa gani.

Namba tatu bado inavuma, kidogo, asubuhi hasa. Kila baada ya safari nne nachukua spana ya 24 na kulala chini ya gari. Jumamosi iliyopita kidole kilitoka kimelowa, kwenye giaboksi na kwenye transfa pia, na hakuna iliyoruka.