Paa jeusi kwenye IST yangu: rangi ya kubandua au stika ya vinili?

Naanza na uamuzi wangu, ili mwenye haraka asihangaike. Kwa paa la gari linalolala nje hapa Dar es Salaam, pesa yangu naipeleka kwenye stika ya vinili, yaani karatasi ya plastiki yenye gundi, tena ile ya daraja la juu. Rangi ya kubandua niliitumia kwenye paa hilohilo kabla ya stika, na ina kazi yake nzuri nitakayoieleza. Ila zote mbili zina sharti moja ambalo mafundi wengi hawalitaji mpaka uwaulize: kliya iliyo chini, yaani ile vanishi angavu ya juu kabisa ya rangi ya gari, lazima iwe bado imeshika.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, rangi ya fedha. Bodi iko vizuri, ila paa lilikuwa limepauka na kupoteza mng'ao. Ubavu wa gari jua linaupitia kwa zamu, asubuhi upande huu na jioni upande ule, lakini paa linachomwa kutwa nzima, na huku kwetu jua la mchana linasimama utosini. Sisi wa Kigamboni tuna na chumvi ya bahari. Mimi nina na mwembe ninapoegesha, na kwenye mwembe kuna kunguru. Kinyesi cha kunguru kikikaukia juu ya bati la moto, ukikitoa unakuta alama imeshaingia kwenye rangi. Kwa hiyo nilitaka vitu viwili: paa jeusi, kwa sababu naupenda muonekano ule wa gari la rangi mbili, na kinga ya kuizuia kliya iliyobaki isiendelee kuliwa.

Nilianza na rangi ya kubandua kwa makusudi. Sikuwa na hakika kama weusi utanikaa, na nilitaka kitu ambacho nikikichoka naking'oa mwenyewe nyumbani. Rangi hii kimsingi ni mpira ulio katika hali ya kimiminika, unaopulizwa na kukauka. Inayojulikana zaidi ni Plasti Dip ya Minnesota, Marekani, kampuni ya tangu 1972 iliyoanza na kazi ya kuchovya mikono ya vifaa kama koleo na plaizi ili visiteleze mkononi. Baadaye wenye magari wakaona mpira uleule unaweza kupulizwa kwenye rimu, nembo na hata bodi nzima, kisha ukabanduliwa kama ngozi.

Kazi ya kupuliza haina uchawi, inataka subira. Unaosha paa, unalifuta kwa spiriti likauke kabisa lisibaki na nta wala mafuta, unaziba vioo na ubavu kwa magazeti na tepu ya karatasi. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, unakuwa mwepesi kiasi kwamba rangi ya zamani bado inaonekana, na hapo ndipo wengi wanapotaka kurudia kwa pupa. Usirudie. Unaacha ukauke kidogo, unakuja na wa pili mzito zaidi, wa tatu, na kuendelea. Kwa paa la gari dogo kama IST makopo manne mpaka matano ndiyo kipimo cha haki. Ukibana matumizi ukatumia mawili, utapata weusi unaopendeza machoni, lakini siku ya kubandua utalia: mpira mwembamba haukubali kuvutwa, unakatika vipandevipande na unaukwangua kwa kucha. Unene ndio unaoufanya ubanduke kama shuka. Na tepu unaitoa mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi. Ukikauka pamoja na tepu, unapovuta tepu inaondoka na ukingo wa rangi.

Pulizeni asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Mchana wa Kigamboni upepo unaleta vumbi, na vumbi likitua kwenye mpira mbichi limehamia hapo.

Wiki za mwanzo nilifurahi kweli. Weusi usiong'aa, kama ubao wa shule, na mikwaruzo midogo ya paa ikafichika. Majirani walidhani nimekwenda gereji. Kisha maisha ya kawaida yakaanza. Mpira unashika vumbi na hauliachii kirahisi. Vijana wa kuoshea magari ukiwapa gari bila maelekezo wanaupiga brashi ngumu na sabuni ya unga, na ukingo ukishapata mchubuko mmoja, maji yanaingia na mchubuko unakua. Utomvu wa mwembe unaganda juu yake, na dawa za kuutolea utomvu, zile zenye asili ya mafuta, zinalainisha mpira wenyewe. Petroli ndiyo adui wake mkubwa. Kwenye paa petroli haifiki, lakini anayetaka kupuliza karibu na mdomo wa tangi ajue kwamba tone moja linatosha kuyeyusha doa. Jua nalo likafanya kazi yake: baada ya zaidi ya mwaka weusi ulikuwa umegeuka kijivu cha majivu, hasa katikati ya paa ambapo kivuli cha mwembe hakifiki.

Siku ya kuitoa nilianzia kona ya nyuma karibu na antena. Katikati palikuja vizuri mno. Nilivuta kipande kikubwa kama kitambaa cha meza, kikatoka bila gundi wala doa, na chini yake paa la fedha vilevile kama nilivyoliacha. Pembeni, nilipokuwa nimepuliza kwa tahadhari nisichafue raba, mpira ulikuwa mwembamba na ukagoma. Dawa yake ni kupuliza mkono mwingine mzito juu ya ule uliogoma, kuacha ukauke, kisha kuvuta vyote kwa pamoja. Inafanya kazi, ila uwe umebakiza kopo.

Hapo ndipo nikaenda kwenye stika.

Jambo la kwanza kulielewa, na ningependa kila mwenye gari alielewe kabla ya kutoa hata shilingi, ni kwamba vinili ziko za aina mbili na mtaani zote zinaitwa stika. Ya kwanza inatengenezwa kwa kuviringa plastiki moto katikati ya rola mpaka inakuwa karatasi. Ni ya bei nafuu, ndiyo inayotumika kwenye mabango na maandishi ya madukani. Kwa kuwa imevutwa kwa nguvu ilipokuwa inatengenezwa, ikipata joto inatamani kurudi ilikotoka, yaani inasinyaa. Kwenye bango lililonyooka hilo si tatizo kubwa. Kwenye paa la gari juani, kingo zinarudi nyuma na kuacha mstari wa gundi unaokusanya vumbi jeusi. Ya pili inamwagwa ikiwa maji, inasambaa yenyewe kisha inakaushwa. Haikuvutwa na mtu, kwa hiyo haina cha kurudia. Hiyo ndiyo ya magari. Ni nyembamba, karibu sehemu ya kumi ya milimita, laini, inafuata mkunjo wa bati na kutulia. 3M kwa mfululizo wake wa 2080 na Avery Dennison kwa SW900 wako kwenye kundi hilo.

Kwenye karakana ya kwanza niliyopita nilionyeshwa robota, yaani stika iliyoviringwa kama jora la kitambaa, nikaambiwa ni ile ya kumwagwa. Nikaomba kuona karatasi ya nyuma. Ilikuwa nyeupe tupu, bila jina wala namba. Nikashukuru nikaondoka. Stika halisi za kampuni hizo zina jina nyuma ya karatasi, na ukibandua kona utaona kwenye gundi vimfereji vidogo sana vya kupitishia hewa wakati wa kubandika. Waghushi wanaweza kuchapa jina, kwa hiyo nunua kwa mtu anayekukatia kutoka kwenye robota unaloliona na kukupa risiti yenye namba ya bidhaa.

Upana wa robota ni mita 1.52, nao unatosha kulifunika paa la IST kwa kipande kimoja bila kiungo. Mita mbili za urefu zilitosha, na kikabaki kipande cha kufunikia migongo ya vioo vya kutazamia nyuma. Hii ni faida kubwa ya paa kuliko sehemu nyingine za gari: ni uwanja uliokaribia kuwa bapa. Bampa linaweza kumtoa jasho fundi mzuri, paa halimsumbui.

Fundi niliyempata alianza kwa kitu kilichonifanya nimwamini papo hapo. Alichukua tepu ya karatasi, akaibandika kwa nguvu katikati ya paa palipopauka zaidi, akaing'oa kwa ghafla, akaitazama upande wa gundi dhidi ya mwanga. Ilikuwa safi. "Bosi, kliya yako imezeeka lakini haijafa," akasema. "Ningeona magamba hapa, hela yako nisingeipokea." Baada ya hapo akatoa antena, akazinyanyua zile raba ndefu za pembeni ya paa, akaosha mifereji yake kwa kitambaa na spiriti. Kona hizo ndizo zinazoamua kama stika itadumu, maana vumbi likibaki mfereji mzima unaachia.

Kubandika kwenyewe kulihitaji watu wawili. Walilishika shuka kwa kona nne, wakalivuta mpaka likawa kama kioo, wakalilaza taratibu. Fundi akaanza kusukuma hewa kwa kile kiplastiki chenye kitambaa, kutoka katikati kwenda pembeni, kila mpigo ukipanda kidogo juu ya uliotangulia. Hakukata chochote juu ya bati. Alikata ndani ya mfereji, akabakiza ukingo, akauchomeka chini na kurudisha raba juu yake. Mwisho akapita na mashine ya hewa ya moto kwenye kingo zote. Joto hilo la mwisho linaifanya vinili isahau ilivyovutwa, na ukiona fundi anaruka hatua hiyo kwa sababu jioni imeingia, mwombe amalizie kesho.

Tangu hapo imepita masika na jua lake, na paa bado jeusi la satini, yaani lenye mng'ao wa kiasi. Kunguru hawajahama, lakini kinyesi nakitoa kwa maji na taulo laini, na utomvu unatoka kwa spiriti kidogo. Ukingo mmoja, karibu na kioo cha mbele, uliinuka kwa upana wa kucha baada ya kijana wa kuosha kuuelekezea mashine ya presha kwa karibu. Fundi aliupasha joto ukarudi. Sasa naagiza presha isimame mbali na isipige kingo kwa upande.

Gharama yangu ya stika pamoja na ufundi ilizidi mara mbili ya makopo, na makopo nilipuliza mwenyewe bila kumlipa mtu. Si tofauti ndogo. Pia usitegemee dhamana ile iliyoandikwa kwa stika ya ubavu: watengenezaji wenyewe wanatoa muda mfupi zaidi kwa sehemu zilizolala kama paa na boneti, kwa sababu hiyohiyo ya jua. Na kitu kingine, weusi una bei yake mchana. Gari likisimama juani paa haligusiki, na ndani unalisikia joto kichwani. Anayeegesha kutwa pasipo kivuli ningemshauri nyeupe, hata kama haina ule mvuto. Kadi ya gari inataja rangi ya gari. Paa peke yake halijanisumbua barabarani, ila anayefikiria kufunika gari zima aulize kwanza TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari.

Rangi ya kubandua sijaitupa. Rimu zangu na nembo ya mbele zina mpira mpaka leo, kwani stika haiwezi kuingia kwenye vishimo vyake, na hata mpira ukipata jeraha unapuliza upya Jumamosi asubuhi. Na kwa mtu anayetaka tu kujua kama paa jeusi litamkaa, makopo matano ni jaribio zuri.

Dada yangu alipoona IST akataka na yeye gari lake, Toyota Passo, lifanyiwe hivyo. Paa lake lilikuwa limeshaanza magamba, kliya imepasuka na kuinuka pembeni. Nikamfanyia lile jaribio la tepu, ikarudi imejaa vipande. Stika ingechora kila ukingo wa gamba kwa juu, na siku ya kuibandua ingeondoka na rangi mpaka kwenye praima, ile rangi ya msingi ya chini. Mpira nao usingeficha chochote. Nilimpeleka kwa fundi rangi. Paa likapigwa msasa mpaka kliya yote iliyokufa ikaisha, likapakwa praima, likapulizwa nyeupe na kliya mpya. Fundi alituambia tusibandike kitu juu yake mpaka wiki kadhaa zipite, rangi imalize kutoa hewa yake. Zilipopita nikamuuliza dada kama niagize mita mbili. Alilitazama paa lake jeupe linavyong'aa, akasema, "Kaka, achana nalo, limeshakuwa zuri." Nikakubaliana naye.